Namba ya Mgeni

Kuna kipindi nikimsikia mtu anasema "saba" hata sokoni, nyanya saba, mayai saba, nilikuwa naacha kununua naondoka. Si utani. Nilikuwa nimelisikia neno hilo mara nyingi mno, nimekaa kwenye vigoda vya watu wa Muleba, mgongo unaniuma, kishikwambi kimepata joto mapajani, na mtu mzima mbele yangu ananitabasamia huku akinipa saba nyingine.

Nieleze kazi yenyewe, maana watu wakiisikia wanacheka. Mimi ni mdadisi, yule anayepita nyumba kwa nyumba na dodoso. Nimewauliza watu kama wanalala kwenye chandarua. Nimewauliza jana walikula nini. Wakati wa sensa niliwahesabu na mbuzi wao. Ni mikataba ya miezi miwili mitatu, halafu unarudi chumbani kwako Bukoba unasubiri simu ilie. Nilisomea ualimu, lakini kila nafasi ya kufundisha iliyonijia niliiona ina kasoro, nikaiacha nisubiri nzuri zaidi. Hilo nalisema mapema kwa sababu linahusika.

Dodoso la safari hiyo lilikuwa la aina yake. Mtafiti mkuu, mama wa makamo, msomi wa saikolojia kutoka Dar es Salaam, alitaka kupima tabia ya watu wakati wa kuchagua. Siku ya mafunzo alitueleza kwamba kuna mtu akienda kununua sufuria, ya kwanza ikimfaa anainunua, anarudi nyumbani anapika. Mwingine anazunguka maduka yote, anageuza kila sufuria, anaigonga asikie mlio wake, anarudi jioni na nzuri kuliko ya jirani, na bado roho inamuuma kwamba pengine ipo nyingine hakuiona. Mtafiti alitaka kujua nani yuko upande gani, na kwa kiasi gani. Kwa hiyo aliandaa sentensi kumi na tatu. Unamsomea mtu, kwa mfano, "Sitosheki mpaka nipate kilicho bora kuliko vyote," naye anakupa namba. Moja maana yake sikubali hata kidogo. Saba maana yake nakubali kabisa kabisa. Ukijumlisha namba zake unajua ni mtu wa sufuria ya kwanza au wa maduka yote.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi mmoja pale Bilele, mjini Bukoba. Tulianza kwa kujaza sisi wenyewe, kwa mazoezi. Tulikuwa wadadisi wanane, na mimi ndiye niliyetoka na namba kubwa kuliko wote, kwa mbali. Wa chini kabisa alikuwa mwenzangu niliyepangiwa kufanya naye kazi, Mlutheri mpole mwenye pikipiki, baba wa watoto wanne, mtu ambaye akiulizwa chai au kahawa anajibu "iliyo karibu". Aliangalia karatasi yangu akatikisa kichwa.

"Dada, wewe siku ukifika mbinguni utauliza kama hakuna nyingine."

Ukumbi mzima ulicheka. Nami nilicheka, lakini nilikuwa nimekasirika, na nilikasirika kwa sababu kwenye mkoba wangu kulikuwa na daftari.

Daftari hilo lilikuwa la nyumba. Miaka miwili kabla ya hapo mama yangu alianguka kwenye kibanja, yaani shamba letu la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, huko juu upande wa Kamachumu, humo humo wilayani Muleba. Baba alikuwa ameshafariki. Ndugu yangu pekee yuko Mwanza, ana watoto watano na maneno mengi kwenye simu. Mama aliteleza asubuhi akienda kukata majani, akalala pale kwenye umande mpaka mchana, hadi jirani aliyekuja kuazima panga aliposikia sauti. Mfupa haukuvunjika, ila goti la kushoto halikurudi kuwa goti. Nilipofika alikuwa ameketi kitandani anakunywa uji, akaniambia kwa sauti ya kawaida tu, "Nilikuwa nakuita wewe. Nilisahau kwamba uko Bukoba."

Nikamwambia nitatafuta nyumba nzuri mjini, tuishi wote. Chumba changu cha Kahororo hakikufaa. Kilikuwa kimoja, na choo cha kushirikiana kilikuwa ng'ambo ya ua. Nilimwambia anipe mwezi mmoja. Mama hakubishana. Alitoa mkoba chini ya kitanda akapanga vitenge viwili, rozari, shuka lake la wageni, na kikombe chake cha bati chenye ua jekundu, akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Nikaanza kutafuta. Jamani, nilitafuta! Bilele nilipata vyumba viwili, choo ndani, hospitali si mbali. Nikaandika kwamba mvua zikizidi mto unaweza kupanda. Kahororo nilipata moja yenye jua zuri asubuhi, lakini ilikuwa na ngazi tano za saruji, na goti lile. Kashozi nilipata moja ambayo hata sasa nikiikumbuka naumia. Mwenye nyumba alikuwa mjane mkimya, kanisa liko hapo hapo unasikia kengele, nyuma kuna migomba michache ambayo mama angeipalilia bila kuchoka. Unajua niliandika nini? Niliandika kwamba jiko limeelekea upande wa upepo. Jiko! Nikasema nisubiri wiki mbili niangalie nyingine mbili nilizosikia, na niliporudi kulikuwa na familia ya mwalimu imeshahamia, imeanika nguo. Daftari lilifika nyumba kumi na tisa.

Kila Jumapili baada ya misa mama alinipigia. "Imepatikana?" Namwambia bado, mama, kuna moja nzuri zaidi naifuatilia. "Haya." Jumapili nyingine, imepatikana? Bado. Haya. Halafu, kama kwenye Kwaresima ya mwaka wa pili, akaacha kuuliza. Alipiga, akanisalimu, akanieleza habari za mvua na nani amefariki, akakata simu. Nilifikiri amekuwa mvumilivu. Nikafurahi, nisamehewe, nikasema sasa ananipa nafasi nitafute vizuri.

Basi ndiyo hali niliyokuwa nayo nilipoanza kwenda kuwapima watu wengine.

Tulianza vijiji vya Muleba mwezi wa saba, kahawa ikiwa inaanikwa kila ua. Mzee wa kwanza kunipa saba alikuwa mwanakwaya mstaafu mwenye koti la suti na miguu mitupu. Alitukaribisha ndani, mkewe akaleta kamwani, ile kahawa ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko, tukachukua punje mbili tatu kila mmoja. Nikasoma sentensi ya kwanza.

"Saba," mzee akasema, na akakaa sawasawa kama anapigwa picha.

Ya pili, saba. Ya tatu, saba. Nikafika kwenye ile iliyogeuzwa makusudi ili kumnasa asiyesikiliza: "Mimi hutosheka haraka na kinachopatikana."

"Saba."

"Mzee, samahani. Mwanzo umesema hutosheki. Hapa unasema unatosheka haraka."

"Ndiyo, waitu," akajibu, kwa lile neno letu la heshima.

"Zote saba?"

"Zote."

Nikamweleza tena, polepole, kwamba hakuna namba mbaya, kwamba anaweza kunipa hata moja au mbili. Mzee alinitazama kana kwamba nimemtukana nyumbani kwake.

"Nikupe mbili? Umetoka Bukoba, umekula vumbi lote hilo, umeingia kwangu, halafu nikupe mbili?"

Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. "Ndogo tunazo," akasema. "Hizo tunakula wenyewe."

Nilidhani ni mzee yule tu. Wapi! Nyumba ya pili saba, ya tatu saba, kijiji cha pili saba tupu. Wanawake waliokuwa na haraka ya kwenda shambani waliniona naanza kufungua mdomo wakaniwahi, "Andika saba, mwanangu, na upite salama." Mgeni hapewi ndizi ndogo, hapewi kiti kibovu, na kumbe hapewi hata namba ndogo. Mimi ni Mhaya, nimelelewa humo humo, na haikuwahi kunijia akilini. Mtafiti mkuu ndiye aliyebuni namba, sisi wadadisi ndio tuliotafsiri sentensi, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba ukimwambia mtu wa huku achague kati ya kidogo na kikubwa ampe mgeni, ameshachagua kabla hujamaliza kusema.

Siku ya nne mtafiti alipiga simu. Kishikwambi kilikuwa kinamtumia majibu kila jioni, na alikuwa amechoka kuyaangalia.

"Hizi takwimu mmejazia wapi? Baa?"

"Dokta, watu ndio wanavyojibu."

"Watu wote wa wilaya nzima hawatosheki, na wakati huo huo wote wanatosheka haraka?"

Nikapandisha sauti. Nikamwambia aje mwenyewe akae kwenye kigoda siku moja aone. Mwenzangu alinifanyia ishara ya mkono ninyamaze. Mtafiti akasema anatupa siku mbili, saba zikiendelea kuingia hivyo anafunga kazi na kila mtu arudi kwao. Nilikata simu nikakaa kwenye ukingo wa barabara, nikavua viatu. Nilikuwa nimechoka, na kilichonichosha zaidi ya kutembea ni kukirimiwa.

Aliyetuokoa alikuwa mjane mmoja tuliyemkuta siku iliyofuata anaanika kahawa kwenye mkeka, pamoja na mkamwana wake. Nilimsomea, akanipa saba saba zake. Tulipofika kwenye sentensi isemayo "Kuchagua kunanichosha," akasema saba kwa furaha kabisa, na mkamwana, bila kuinua macho kwenye kahawa, akamwuliza kwa Kihaya, "Lakini mama, si juzi umenunua jembe bila hata kulishika?"

"Wewe ukiniuliza ni mbili," mjane akamjibu. "Huyu ni saba."

"Kwa nini mimi saba?" nikamwuliza.

"Wewe nikikwambia mbili utanisaidia nini? Unaondoka sasa hivi. Huyu naishi naye, tunayajua yetu."

Mwenzangu akaweka kalamu chini. Tukatazamana. Tukamwomba mkamwana asome yeye zile sentensi kwa Kihaya, na sisi tukahamisha vigoda vyetu mlangoni, tukawapa mgongo, tukaandika tu. Namba zikashuka. Mbili, tatu, moja, tano. Na kila namba ndogo ilikuja na lawama yake. "Mbili, na sababu unaijua, tangu mlipomuuza yule mbuzi." "Tatu, maana kwenye nyumba hii mtu akichagua kitu mnamcheka." Hatukuandika lawama, dodoso halikuwa na sehemu ya kuziandikia, ila mimi nilizisikia zote.

Kuanzia hapo ndivyo tulivyofanya kila nyumba. Mtu wa nyumbani anasoma, mgeni anageuka. Mtafiti alitushuku kwanza, kisha akatuma ujumbe mfupi: "Endeleeni hivyo."

Wiki ya mwisho kijiji chetu kikatokea kwenye orodha. Nyumba zilichaguliwa kwa kura, na ya mama ikawemo. Mwenzangu alikuna kichwa. Kanuni zilikataza kumhoji ndugu yako.

"Nitaandika mimi," akasema. "Lakini nani atamsomea? Si anaishi peke yake?"

"Mimi nitasoma."

Akafikiri. "Kweli. Wewe ndiye mtu wa nyumbani."

Nilitamba njiani, nakiri. Nilimwambia kwa nyuma ya pikipiki, nikipiga kelele kushinda injini, kwamba leo ataona namba za kweli, mama yangu hajui kumpamba mtu, atashusha mpaka mashine ishtuke. Nilikuwa sijafika nyumbani tangu Krismasi. Nilikuwa na sababu. Kila Jumamosi nilikuwa nakwenda kuangalia nyumba.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni nyasi. Sebule nzima ilikuwa imetandazwa nyasi mbichi, nene, zinanukia, kama tunavyotandaza sikukuu au akija padri.

"Mama, nani amekukatia nyasi hizi?"

"Nimekata mwenyewe. Si ulisema mnakuja?"

"Na goti hilo?"

"Karibuni, karibuni mkae."

Alinionyesha kiti kile cha mbao chenye kitambaa kilichofumwa, ambacho tangu utotoni tulikuwa tunapigwa tukikikalia. Nikasema acha nilete maji. "Kaa, kaa, umechoka na safari." Nikasema basi nikawashe moto. "Moto upo, mwanangu, kaa." Akaingia ndani akichechemea, akatoka na kikapu cha kamwani, akapiga goti lile la kulia lililo zima, akaninyooshea mimi kwanza, kwa mikono miwili. Nilichukua punje. Hata hapo, mimi mwenye digrii, sikuelewa.

Mwenzangu akahamia mlangoni, akatugeuzia mgongo. Nikaanza kusoma kwa Kihaya.

"Sitosheki mpaka nipate kilicho bora kuliko vyote."

"Saba," akasema mama.

Nikacheka kidogo. Nikasoma ya pili. Saba. Ya tatu. Saba. Nikamwambia mama, husikilizi. Akasema anasikiliza vizuri sana, nisome. Ya nne, ya tano, ya sita. Mwenzangu alikuwa anabonyeza kishikwambi bila kugeuka, na mabega yake yalianza kukaa vibaya. "Mimi hutosheka haraka na kinachopatikana." Saba. "Kuchagua kunanichosha." Saba. Nilifika ya kumi na moja, ambayo nilikuwa nimewasomea watu wengi bila kuisikia hata siku moja: "Afadhali nisubiri kilicho bora kuliko kuchukua kilichopo leo."

Nikarudia.

"Saba," akasema mama kwa upole.

"Mama, ni mimi."

"Si nakuona?"

"Mimi siyo mgeni, mama. Niambie kweli."

Alinitazama kwa ule uso wake mzuri, uso anaomwekea padri. "Andikeni saba," akasema. "Mmetoka mbali."

Zilikuwa kumi na tatu kwa kumi na tatu. Mwenzangu, ambaye kwa utani hakosi neno, alitoka nje akaenda kukagua tairi la pikipiki ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Mimi niliingia chumbani kwa mama. Mkoba ulikuwa bado kwenye msumari nyuma ya mlango, lakini ulikuwa umevimba vingine. Nikaufungua. Ndani kulikuwa na mbegu za maharage. Vitenge vilikuwa vimerudi sandukuni, rozari iko kitandani, na kikombe chenye ua jekundu nilikuja kukikuta jikoni mahali pake pa siku zote.

"Ulipangua lini?" nikamwuliza.

"Kwaresima. Vitenge vilikuwa vinapata unyevu."

Basi. Ningefurahi kama angenigombeza, kama angenitupia kile kikombe. Nilimwambia, mama, twende leo, twende hivi hivi kwenye chumba changu kile kile, chooni nitakupeleka mwenyewe. Akanipapasa mkono.

"Asante, mwanangu. Usijisumbue."

Asante! Tangu lini mama yangu akaniambia mimi asante? Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Miaka miwili nilikuwa namchagulia, na muda wote huo yeye alikuwa ananizoea kama mtu wa kuja na kuondoka. Mjane wa kule kwenye mkeka alinieleza kila kitu bila kunificha, nikaandika maneno yake kama mbinu ya kazi.

Tulipotaka kuondoka mama alikuwa ameshatoa mkungu wa ndizi, mkubwa kuliko yote kibanjani, umefungwa majani vizuri, wa wageni. Mwenzangu akaufunga nyuma ya pikipiki, palepale nilipokuwa nimekaa mimi. Kwa hiyo nilisimama tu uani, katikati ya pikipiki na mlango, sina pa kukaa.

"Nenda nao," nikamwambia. "Uwapelekee watoto wako."

"Na wewe?"

"Kesho asubuhi unikute barabarani."

Akauangalia mlango, akaniangalia. "Umepata nyumba, dada?"

"Nenda, bwana."

Sitaki mtu adhani nilibadilika siku ile nikawa mtu mwema. Nilibaki kwa sababu nilishindwa kutembea. Na mama hakufurahi, alihangaika. Alinitandikia shuka la wageni. Nilipotaka kumenya ndizi alininyang'anya kisu. Asubuhi aliamka mapema akaniletea maji ya moto ya kuoga, mimi, mtu wa miaka thelathini na tisa, anachechemea na ndoo. Siku tatu nilikirimiwa nyumbani kwetu.

Nilimaliza wiki ya kazi nikitokea pale. Mkataba ulipoisha nikaenda Bukoba nikarudisha ufunguo wa chumba, nikabeba godoro. Ndugu yangu akapiga simu kutoka Mwanza kuuliza kama nimeshindwa maisha ya mjini. Majirani waliuliza hivyo hivyo, ila kwa adabu. Simu inashika mtandao mahali pamoja tu, juu ya jiwe lililo nyuma ya nyumba, ukisimama. Paa la jiko linavuja. Mgongo unaniuma kwa kupalilia kuliko ulivyowahi kuniuma kwa vigoda. Lile daftari nimekuwa nikichana karatasi zake kuwashia moto, na ya Kashozi niliichana ya mwisho. Kuna siku nasimama kibanjani nashika kiuno nawaza kwamba pengine ipo njia nzuri zaidi ya kufanya hili, kwamba nyumba ya ishirini ingekuwa yenyewe. Ugonjwa huu hauponi kwa godoro kuhama.

Mtafiti mkuu aliniambia kwenye simu, nikiwa juu ya jiwe, kwamba ilibidi afute fomu moja ya kijiji chetu kwa sababu ilikuwa na saba tupu. Aliniuliza kama nakumbuka ni ya nani. Nikamwambia nakumbuka.

Juzi, mvua za vuli zimeshika, nilimpelekea mama uji sebuleni. Nyasi za siku ile zilikuwa zimeshakauka na kusagika, nimezifagia, na hakuna aliyekata nyingine. Sikuwa na kishikwambi wala dodoso. Nilikuwa nimejaribu kujizuia wiki nyingi, nikashindwa.

"Mama. Hivi nilivyorudi, tunavyoishi hapa, unaridhika? Moja mpaka saba."

Alikunywa funda la kwanza, akalitafuna.

"Uji una madonge," akasema.

Nikangoja.

"Unachelewa kuamka. Kuku wanafunguliwa na jirani. Paa la jiko ulisema utaliziba Jumamosi. Jumamosi ya lini? Na hizo simu zako za kwenye jiwe, kijiji kizima kinasikia." Akanywa tena, akakunja uso, akanirudishia kikombe chake chenye ua jekundu nikakoroge upya. "Mbili. Na hiyo nimekuongezea."

Nilikipokea. Nilikwenda jikoni, nikasimama pale pale maji yanapodondokea, nikalia kwa furaha na kwa kuchoka, mpaka aliponipigia kelele kutoka sebuleni kwamba sufuria inaungua.